Dili kwa Mizani ya Kariakoo

Saa moja asubuhi, kandokando ya Mtaa wa Msimbazi, muuza magazeti huyatandaza chini juu ya turubai na kuyawekea vijiwe yasipeperuke. Watu husimama. Wachache hununua. Wengi husoma vichwa vya habari mikono ikiwa nyuma, kama wakaguzi wa gwaride, kisha huenda kufungua maduka. Nami nimesimama hapo miaka mingi, mikono nyuma vilevile, ila nina ugonjwa wa kazini: nilikuwa mhariri msanifu, na nikiona gazeti nahesabu. Asubuhi moja hivi karibuni nilikuta neno dili mara tano kwenye kurasa za mbele. La kwanza usajili wa beki. La pili umeme. La tatu msanii aliyepewa ubalozi wa kinywaji. La nne viwanja. La tano lilihusu ndoa iliyovunjika, na hadi leo sijaelewa dili lilikuwa lipi, kuoana au kuachana.

Mwongozo huu ni kwa msomaji anayetaka kulipima neno hilo kama mnunuzi wa khanga anavyopima khanga: anaishika, anaikunjua, anaigeuza upande wa nyuma aone kama rangi imepenya. Vichwa vya habari nitakavyovitolea mfano nimevitunga mwenyewe, kwa sababu ninachokagua ni ufundi, si gazeti la fulani.

Na hapa Kariakoo, Dar es Salaam, ndipo pa kuukagulia. Kariakoo lenyewe ni jina la Kiingereza lililokubali kuswahilishwa: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walioweka kambi yao eneo hili. Wapagazi wakaondoka, jina likabaki likibeba mizigo mingine. Hakuna mtu anayetembea Mtaa wa Kongo akafikiri anazungumza Kiingereza anapotaja Kariakoo. Kwa hiyo sina ugomvi na neno kwa kuwa limetoka ng'ambo. Kiswahili kingekuwa na mlinzi wa mlangoni wa aina hiyo tusingekuwa na meza, duka wala gazeti. Swali langu kwa dili ni jingine. Limebeba nini?

Kwanza tuwatendee haki mafundi. Mtu asiyewahi kusanifu ukurasa wa mbele hudhani mwandishi anapenda dili kwa sababu ya umbeya tu. Sababu ya kwanza ni upana wa karatasi. Gazeti letu la kawaida ni la umbo dogo, na kichwa kikuu huandikwa kwa herufi zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Neno makubaliano lina herufi 11. Maafikiano 10. Mkataba na usajili, 7 kila moja. Dili lina herufi 4, na mbili kati ya hizo ni I, herufi nyembamba kuliko zote kwenye kasha. Saa nne usiku, kiwandani wanapiga simu wakiuliza ukurasa uko wapi, na MAKUBALIANO linatokeza nje ya safu kama mguu wa abiria mlangoni mwa daladala. Nitakwambia ukweli: nimelibadilisha kuwa DILI zaidi ya mara moja, nikaenda kulala bila kinyongo.

Wahariri wa London nao wana kikapu chao cha maneno mafupi, na deal limo humo. Waingereza walipokuwa wakijitoa Umoja wa Ulaya, kati ya kura ya 2016 na kuondoka kwao 2020, neno hilo lilitumika mpaka likachakaa. Lakini kwa wenye Kiingereza chao ni neno safi. Rais Roosevelt aliliweka kwenye jina la mpango wake wa kuinua uchumi wa Marekani mwaka 1933, New Deal, na hakuna aliyeona aibu. Unaweza kulitia saini mbele ya bendera na kamera.

Lilipofika kwetu likapata harufu.

Ili kuielewa harufu hiyo ni lazima uingie sokoni. Kariakoo ina majina ya hatua zote za biashara, na mwenyeji hachanganyi hata moja. Kuna winga, kijana asiye na duka ila ana simu na miguu. Anakudaka njiani, anakuuliza, "Unatafuta nini, mkubwa?", anakupeleka duka ambalo bei yake ni elfu 30, wewe unaambiwa elfu 38, na ile elfu nane inaitwa cha juu. Kuna mali kauli: unachukua mzigo kwa neno lako tu, unauza, ndipo unalipa. Kuna bei ya jumla, kuna bei ya kutupa, kuna advansi, kuna dalali. Mgeni angeyaita yote hayo dili. Mwenyeji hathubutu, maana akimwambia mwenye stoo "nipe dili" badala ya "nipe mali kauli", atatazamwa kama mtu wa mashaka.

Dili, kwa mwenyeji, linahitaji mambo matatu yakutane: fedha nyingi kuliko jasho, watu wachache kuliko wanaostahili kujua, na haraka. Ndiyo maana mtu akikuambia "kuna dili", anashusha sauti. Utamsikia akitangaza mzigo mpya wa viatu kwa kipaza sauti kutwa nzima, lakini la dili atalisemea sikioni.

Hicho ndicho kipimo changu kikuu, na vingine vyote ni matawi yake. Dili ni neno la sauti ya chini, na gazeti linalipiga kwa herufi kubwa kuliko zote. Habari yenyewe imenionyesha mahali sauti iliposhushwa? Kama mkataba ulisainiwa hadharani, waandishi wakiwa wamealikwa na soda zimenywewa, hakuna dili hapo. Kuna mkataba. Ukiuita dili umeutia harufu isiyo yake, na mhusika ana haki ya kukuuliza umeinusa wapi. Na kama kweli ilishushwa, mwandishi atuambie ni nani, lini, katika chumba gani. Akishindwa, ametuuzia mnong'ono kwa bei ya habari.

Tuanze na michezo, kwani huko ndiko dili linakozaliana. Klabu zetu mbili kubwa zina makao hapahapa: Simba Mtaa wa Msimbazi, Yanga makutano ya Twiga na Jangwani. Dirisha la usajili likifunguliwa, vichwa vya habari huota kama uyoga. Mimi huwa silitazami dili. Natazama kitenzi kinachofuata. LANUKIA. LAIVA. LATIKI. LAYEYUKA. LABUMA. Msamiati wa jikoni, utadhani klabu zinapika pilau. Na jikoni huko kuna ufundi wa kukwepa: kitu kinachonukia hakimtaji mpishi. "Dili la straika lanukia" haisemi nani alipiga simu, nani alijibu. Kesho yake akisajiliwa kwingine, gazeti halikudanganya. Lilisema lilisikia harufu tu.

Mwandishi mzuri wa michezo anajua kwamba usajili una ngazi, na kila ngazi ina jina. Kuna ofa. Kuna klabu mbili kukubaliana ada. Kuna mchezaji kukubali maslahi yake. Kuna vipimo vya afya. Wakati mwingine kuna kibali cha kazi, halafu kalamu. Mbwana Samatta alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa Januari 2020, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, ngazi hizo zilipandwa moja baada ya nyingine. Msomaji aliyeambiwa leo ni vipimo, kesho ni kibali, alikuwa na habari mpya kila siku. Aliyesomewa "dili" siku zote hizo alisomewa habari ileile mara nyingi.

Mfano ulio bora kuliko huo ni wa mchezaji Feisal Salum, Fei. Desemba 2022 aliitumia Yanga Sh milioni 112 akisema anavunja mkataba wake. Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikaamua bado ni mchezaji halali wa Yanga. Mvutano ukaenda hadi Juni, akatua klabu ya Azam. Hapo kulikuwa na mkataba, kifungu cha kuuvunja, na mabishano juu ya maana ya kifungu hicho. Hilo ni suala la kisheria linalomhusu kila kijana anayesaini karatasi asiyoisoma. Aliyeandika "dili la Fei" katika sakata hilo aliona mti akaacha msitu. Aliyetueleza milioni 100 ni za nini na milioni 12 ni za nini, kwamba moja ni ada ya usajili na nyingine ni mishahara ya miezi, huyo alistahili kununuliwa hata kama kichwa chake kilikuwa kirefu na kibaya kwa macho.

Na hapohapo kwenye michezo kuna jozi isiyotengana: dili nono. Nono ni sifa ya ng'ombe. Hutumika hasa siku ya kuchinja. Mnadani Pugu hakuna anayekubali kununua ng'ombe kwa sifa hiyo bila kumzunguka, ila gazetini tunalipa na kuondoka. Kipimo chake ni chepesi: tafuta tarakimu katika aya mbili za mwanzo. Azam Media na TFF waliposaini haki za matangazo ya Ligi Kuu mwaka 2021, kiasi kilitajwa, Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10. Ukishakuwa na namba hiyo nono ni mzigo wa bure. Fundi wa kweli hata hapo hatulii, anagawanya: wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka, kisha anauliza klabu inayoshika mkia inaondoka na ngapi. Unene wa ng'ombe hujulikana kwa mgao wa nyama.

Sasa bandari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona mahali ambapo uchaguzi wa neno moja ulikuwa na uzito kama pale.

Mzigo wa Kariakoo hupita Bandari ya Dar es Salaam. Makontena yakichelewa, Mtaa wa Aggrey unajua kabla ya Bunge. Kwa hiyo mwaka 2023 sakata la DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, lilipolipuka, vijiwe vya hapa havikulijadili kama siasa za mbali. Tarehe zake ni hizi: 25 Oktoba 2022, Serikali ya Tanzania na Serikali ya Dubai zilitia saini hati ya bandari, 10 Juni 2023 Bunge likaridhia, 10 Agosti 2023 Mahakama Kuu, Mbeya, ikatupa kesi iliyofunguliwa kupinga, 22 Oktoba 2023, Dodoma, mikataba mahususi ikasainiwa, ukiwamo wa kukodisha na kuendesha gati namba 4 hadi 7 kwa miaka 30.

Angalia mabishano yalikuwa juu ya nini. Serikali ilisema kilichopelekwa bungeni ni makubaliano baina ya serikali mbili, msingi tu, na kwamba mikataba yenyewe itakuja baadaye ikiwa na muda na masharti yake. Wapinzani wa jambo hilo, wanasheria, wanasiasa, na mwezi Agosti Baraza la Maaskofu Katoliki, walisema mlichosaini kinatufunga tayari, kiiteni mtakavyo, na ukomo wake uko wapi? Yaani nchi nzima ilikuwa inabishana kama kitu kile ni makubaliano au mkataba. Wauza kahawa wa Gerezani walijifunza kutamka IGA, kifupi cha Kiingereza cha makubaliano baina ya serikali. Sijapata kuona somo la sheria likifundishwa kwa watu wengi namna ile bila ada.

Katikati ya ubishi huo, mwandishi anayeandika "dili la bandari" amefanya nini? Amekimbia swali. Mbaya zaidi, amelikimbia huku akionekana jasiri. Neno lina harufu, kwa hiyo mpinzani anaona gazeti liko upande wake. Halina maana ya kisheria, kwa hiyo mhariri anaweza kusema hakumtuhumu mtu. Msomaji anatoka pale amekasirika au amefurahi, kutegemea alivyoamka, lakini haelewi lolote kuhusu muda, masharti, wala gati. Mizani yangu haisemi uunge mkono upande upi. Inasema: kama tofauti ya maneno mawili ndiyo habari yenyewe, neno la tatu linalofunika yote mawili ni kosa la ufundi, kama fundi cherehani kushona mfuko juu ya tundu la kitufe.

Kwa nini basi dili linapendwa kwenye siasa? Kwa sababu ya mahakama, nadhani. Rushwa ni neno lenye sheria yake, ya mwaka 2007, na taasisi yake, TAKUKURU. Ukimwandikia mtu kala rushwa, uwe na karatasi. Dili halina kifungu. Ni kibanda cha mwandishi mwenye tuhuma asiye na ushahidi. Mbinu ya kumnasa ni kulinganisha kichwa na mwili. Kichwa kinasema dili, aya ya kwanza inasema mpango, ya nne inasema mkataba, ya saba inasema "inadaiwa". Kadiri unavyoteremka ndivyo neno linavyopoteza nguvu. Habari nzuri huenda kinyume: kichwa kinaanza na staha, mwili unazidi kukaza.

Tulikuwa na neno zuri kuliko hilo, na bado tunalo. Kashfa. Asili yake Kiarabu, na maana yake ya ndani ni kufunua. Dili ni jambo likiwa bado limefunikwa. Likifunuliwa linageuka kashfa, na kati ya hayo mawili kuna kazi ya mwandishi. Mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, wa mwaka 2006, haukuwa kashfa siku uliposainiwa. Ulikuja kuwa kashfa kwa kuulizwa maswali, na kwa kamati teule ya Bunge chini ya Dk Harrison Mwakyembe, iliyotoa taarifa yake Februari 2008. Tarehe 7 mwezi huohuo Waziri Mkuu, Edward Lowassa, akatangaza kujiuzulu. Gazeti linaloita jambo kashfa linadai kwamba limefunua kitu, nawe unaweza kulidai ukione. Ukienda kulidai kwa neno dili, watakuambia walisikia tu.

Walio na umri wangu watakumbuka magendo, ulanguzi na uhujumu uchumi, maneno ya 1983 na msako wa Waziri Mkuu Sokoine. Yalikuwa maneno makali, wakati mwingine makali kuliko kosa la mtu aliyekutwa na sabuni chini ya kitanda. Lakini mlanguzi ulimjua: kanunua, kaficha, kapandisha bei. Kitenzi kilikuwa ndani ya neno. Mpiga dili, aliyekuja kusikika sana wakati wa Rais Magufuli, kafanya nini hasa? Kapiga. Kapiga nini? Dili.

Kitenzi chenyewe, kudili, nitakipita haraka maana hakistahili zaidi. "Jiji litadili na wamachinga." Mmachinga wa Mtaa wa Kongo anayesoma hilo amesimama, kichwani ana beseni la soksi, anataka kujua kitenzi kilichojificha: atahamishwa, atafukuzwa, ataandikishwa, atapewa kizimba? Mwaka 2021 walipoondolewa barabarani, serikali ilitumia neno kuwapanga. Neno laini, la kisiasa kabisa, ila hata hilo lilikubana useme umewapanga wapi. Kudili hakumbani mtu. Ukikiona kitenzi hicho gazetini, fahamu kwamba ripota hakuuliza swali la pili.

Kurasa za kilimo zina dili la aina yake: "Parachichi sasa ni dili." Hapa harufu imepungua, maana yake lina soko, linalipa. Sina neno nalo, ilimradi aya zinazofuata zimtaje mnunuzi na bei ya shambani, si ya Ulaya. Wanaokumbuka mayai ya kware wanajua ninachosema. Kware walikuwa dili mpaka siku kila mtu alipokuwa nao.

Nije kwenye jambo ambalo wasomaji wengi hulipita, nami hulifurahia kama mnywaji kahawa anavyofurahia mashapo: ngeli. Mtaani dili limekaa LI-YA, pamoja na gari, duka na soko. Dili hili, madili haya. Wapo wanaolipeleka I-ZI, dili hii, dili zao, na sitawapiga faini. Lakini ukiona kichwa kinasema "dili LA viwanja" na aya ya pili inasema "dili HIYO", umepata siri ya jikoni. Aliyeandika kichwa si aliyeandika habari. Kichwa kimewekwa na msanifu usiku, baada ya kusoma aya mbili, na pengine neno dili halikuwamo kabisa kwenye nakala ya ripota. Amelitia yeye, kwa sababu ya zile herufi nne. Soma basi mwili wa habari kama hati ya shahidi mmoja na kichwa kama hati ya shahidi mwingine.

Nakiri kwamba ngeli hiyo iliwahi kuniaibisha. Wingi wake, madili, umekaa herufi moja tu kutoka maadili. Usiku mmoja, katika gazeti nililokuwa nikilifanyia kazi, nilipunguza herufi kwenye kichwa kilichokuwa kinabana, jicho likanipita, na asubuhi mji ukaamka na Kamati ya Madili ya Viongozi. Simu zililia hadi adhuhuri. Wachache walilalamika. Wengi walipiga kupongeza ujasiri wetu, na mzee mmoja alitaka kujua wajumbe wa kamati hiyo wanateuliwaje, maana ana mtoto hana kazi. Tuliomba radhi kesho yake, ukurasa wa pili, herufi ndogo. Nadhani hakuna aliyeisoma.

Je, kuna dili zuri? Lipo, na ukiliona unalijua. Mahali pake pa kwanza ni mdomoni mwa mwenyewe, ndani ya alama za kunukuu. Ripota amekaa na winga kutwa nzima, ameona wateja 20 wakidakwa na 3 wakinunua, na kijana anamwambia, "Nikipata dili mbili kwa siku, nyumbani wanakula." Usimguse. Ukimsahihisha kuwa "nikifanikisha mauzo mawili" umemvua shati hadharani. Hata ile I-ZI yake iache. Neno liko kwao, limevaa nguo zake za kazi.

Mahali pa pili ni adimu: kichwa ambacho sauti iliyoshushwa imeonyeshwa. Nitatunga kimoja. DILI LA SAA TATU USIKU. Ndani yake kuna ofisi ya umma iliyofunguliwa baada ya saa za kazi, kitabu cha mlinzi chenye majina na saa za kuingia, hati ya kiwanja yenye tarehe ya siku hiyohiyo, na mhusika aliyepewa nafasi ya kujibu akajibu vibaya. Kila neno la kichwa hicho limelipiwa. Fedha nyingi kuliko jasho, watu wachache kuliko wanaostahili, haraka. Mwandishi kama huyo anaweza kuandika dili kwa wino wa dhahabu na nitamshikia kidau.

Kwa sasa kurasa za mbele hupigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla muuzaji wa Msimbazi hajafungua turubai lake, na redio husoma vichwa asubuhi kwa sauti ya mtangazaji wa ngumi. Kichwa kinasafiri bila mwili wake. Hilo limelipa dili uhai mpya, kwa sababu neno lisilosema kitu haliwezi kukanushwa na aya ambayo mtu hakuiona. Nimejaribu kumweleza jambo hili kijana anayeuza pale. Alinisikiliza kwa heshima, huku akihesabu chenji za mtu.

"Mzee wangu," akasema, "dili linasimamisha watu. Haliuzi."

"Linalouza ni lipi, mwanangu?"

"Msiba mkubwa. Simba na Yanga. Matokeo ya mtihani." Akafikiri. "Na bei ya mafuta ikipanda. Ikishuka haliuzi sana."

Nikasema ni jambo la kushangaza, kwamba wahariri wanaweka neno lisilouza.

"Si wanataka watu wasimame," akanijibu. "Sasa mzee, leo unanunua au unasimama?"

Nilinunua lile la viwanja. Nikalifungulia palepale, nimeegemea nguzo ya taa, winga mmoja akiniuliza kama natafuta simu au spika. Ukurasa wa 4, aya ya tisa, dili lilikuwa mkataba wa pango wa miezi sita.